Lindi kwa Miguu: Tathmini ya Njia za Mjini, Kilima cha Mtanda na Ng'ambo ya Kitunda

Msafiri anayetoka Mtwara kwenda Lindi kwa basi huuona Mto Lukuledi kabla ya kuuona mji wenyewe. Gari huteremka kuelekea Mingoyo, huvuka mto, na baada ya njia panda ya Mnazi Mmoja, ambako magari ya Masasi hujitenga na yale ya pwani, maji hubaki upande wa kulia, yakionekana na kupotea nyuma ya minazi na mikoko mpaka mjini. Nimezitembea njia za Lindi wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na kila mara nimethibitisha kwamba mji huu haueleweki kwa kuzunguka sokoni na stendi peke yake. Lindi iliwekwa pale na mto, ikatajirika kwa sababu ya mto, na hata vita viliifikia kwa kupitia mto. Kwa hiyo njia nzuri za miguu ni zile zinazoyafuata maji au zinazopanda mahali ambapo maji yanaonekana yote kwa pamoja. Ninazitathmini hapa njia nne kwa kigezo hicho, na nitasema wazi ipi inastahili safari nzima na ipi ni ya kujaziliza muda.

Kuhusu usafiri hakuna mengi ya kusema. Kutoka Mtwara mjini ni zaidi kidogo ya kilomita 100 za lami, na magari madogo ya abiria hupishana njiani tangu asubuhi, kwa hiyo mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo bila kukata tiketi mapema. Anayetoka Dar es Salaam ana safari ya takriban kilomita 450, ambayo imekuwa ya kawaida tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na kuondoa adha ya kusubiri kivuko cha Rufiji. Huyu apange kulala Lindi, kwa maana njia hizi hazifai kutembewa na mtu aliyechoka. Ukishuka stendi, bajaji na bodaboda zipo, lakini mji ni mdogo kiasi kwamba miguu inatosha.

Ninashauri kuanza na kilima cha Mtanda, mapema, kabla jua halijakaza. Ni mwinuko mfupi ulio nyuma ya mji, na njia yake hupita katikati ya makazi ya watu, hivyo salamu zinahitajika kuliko viatu vya kupandia milima: unawaamkia wazee walio barazani, unawajibu watoto, na ukisita kwenye njia panda utaelekezwa bila kuomba mara mbili. Thamani ya Mtanda haiko kwenye njia bali kwenye kinachoonekana juu. Kutoka pale unaona jinsi Lukuledi, unaoanzia upande wa Masasi na kupita katikati ya uwanda wa juu wa Makonde na ule wa Rondo, unavyopanuka kuwa mkono mpana wa maji ya chumvi, mji ukiwa umekaa ukingo wa kaskazini, Kitunda ikiwa ng'ambo, na mdomo wa ghuba ukifunguka kuelekea Bahari ya Hindi. Mtu akishaiona picha hiyo haulizi tena kwa nini misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilimalizikia hapa, wala kwa nini kila aliyetaka kuitawala kusini alianza kwa kuishika bandari hii.

Njia ya pili ni ya mji wa zamani, kutoka mitaa ya maduka hadi ufukweni na kisha kandokando ya maji. Hii ndiyo yenye historia nyingi kuliko zote na ndiyo iliyotunzwa vibaya kuliko zote. Nyumba za wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi bado zipo, duka chini na makazi juu au nyuma, zenye baraza pana na milango mizito ya mbao, nyingine zikiwa na wapangaji na nyingine zikiwa zimebaki kuta tu. Karibu na ufukwe kuna magofu ya majengo ya utawala wa Wajerumani, ambamo miti imeota ndani ya vyumba. Karibu na uwanja wa michezo kuna mnara wa mawe wa mviringo ambao wenyeji huuhusisha na zama za Waarabu na biashara ya watumwa. Hakuna maelezo yoyote yaliyoandikwa mahali hapo, na mgeni asiye na mwenyeji wa kumwambia anaweza kudhani ni tangi la maji lililoachwa.

Asomaye ukuta kwa macho ya historia, hata hivyo, hatatoka mikono mitupu. Baada ya watu wa pwani kuipinga Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki mwaka 1888, majeshi ya Hermann Wissmann, kamanda aliyetumwa na serikali ya Ujerumani, yaliichukua Lindi kwa nguvu mwezi Mei 1890, lakini bara yake haikutulia. Machemba, mtawala wa Wayao aliyekaa kwenye uwanda wa juu wa Makonde, aliendelea kukataa kuwanyenyekea kwa karibu muongo mzima kabla ya kuvuka kwenda Msumbiji. Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, ardhi ya nyuma ya mji huu iliungua pamoja na sehemu nyingine za kusini. Boma lililojengwa pale ufukweni lilikuwa kitovu cha mambo hayo yote, na inafaa kulizunguka taratibu ukiyakumbuka.

Hata hivyo, jambo linalonigusa zaidi katika ufukwe ule halikuacha jengo. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler aliona mifupa mikubwa ya dinosaria, wanyama wa kale waliokwisha kutoweka duniani, ikiwa imechomoza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Lindi, na kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji pale, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Mamia ya wenyeji walifanya kazi ya kuchimba, na msimamizi wao aliyesifika kwa ustadi wa kutambua na kuandaa visukuku alikuwa Boheti bin Amrani. Hapakuwa na reli, wala barabara ya magari, wala wanyama wa kubeba mizigo ambao wangestahimili ndorobo. Mifupa ilifungwa kwa mianzi, ikapandishwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, ikatembezwa kwa siku kadhaa kupita porini hadi Lindi, na hapa ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200 ziliondoka hivyo. Mnyama mmoja aliyeunganishwa kutokana na shehena zile, ambaye leo wataalamu humwita Giraffatitan, amesimama katika ukumbi wa Berlin akiwa na kimo cha mita 13.27, na watu kutoka duniani kote hulipa kiingilio ili wamtazame.

Kwa hiyo unapotembea ufukweni Lindi, unakanyaga mwisho wa mojawapo ya safari kubwa za miguu zilizowahi kufanywa na watu wa kusini, na hakuna hata ubao mmoja unaosema hivyo. Ninaliandika hili kwa uchungu wa kweli. Mjadala kuhusu mifupa ile kurudi au kutorudi una wenyewe na una hoja zake, lakini kumwambia mtoto wa Lindi kwamba babu zake ndio walioifikisha bandarini hakuhitaji ruhusa ya Berlin.

Kama matembezi, njia hii ya mjini ni rahisi, tambarare, na inaweza kumalizika kabla ya chai ya saa nne. Kasoro zake ni ukosefu wa kivuli katika sehemu ya ufukweni na taka ambazo maji yakipwa huachwa wazi. Mtu asiingie ndani ya magofu, kwa kuwa kuta zimelegea na nyoka hupenda mawe ya namna ile.

Sasa nije njia ya tatu, ya Kitunda, ambayo kwangu ndiyo sababu ya kupanda basi kuja Lindi. Kivuko kiko karibu na katikati ya mji, na safari yenyewe ni ya dakika chache tu kuvuka mkono wa mto, ukiwa na wanafunzi, wachuuzi wenye ndoo za samaki, pikipiki na magunia. Keti au simama upande unaotazama juu ya mto. Maji hapa hayana rangi moja: wakati wa kupwa huja na udongo kutoka bara na huwa ya kahawia, na wakati wa kujaa bahari huyasukuma nyuma yakawa ya kijani, na mara nyingine mstari wa kukutana kwa rangi hizo mbili huonekana wazi katikati ya mkondo.

Ukishuka Kitunda umetoka mjini kabisa, ingawa mji unauona. Kuna njia mbili za kuchagua. Ya kwanza hufuata pwani kuelekea mdomo wa ghuba, ikipita chini ya minazi, nyuma ya vibanda vya wavuvi na katikati ya ngalawa zilizopandishwa mchangani kukarabatiwa. Ni njia ya utulivu, ya mtu anayetaka kuongea na watu na kuona kazi zao, na maji yakipwa utawakuta akina mama wakiokota chaza kwenye matope na mawe. Isitembewe bila kujua saa za maji. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3, na ufukwe ulioupita kwa miguu mikavu asubuhi unaweza kukunyima njia ya kurudi, ukalazimika kupanda kwenye miiba. Saa za maji husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo usitegemee ulichokiona jana au alichokuambia rafiki aliyekuja wiki iliyopita. Muulize mvuvi yeyote pale kivukoni. Atakujibu bila kutazama kitu.

Ya pili hupanda vilima vilivyo nyuma ya kijiji. Hii ndiyo njia bora kuliko zote nilizozitaja, na ningeipendekeza kwa mtu yeyote mwenye afya ya kawaida, vijana kwa wazee, alimradi abebe maji ya kutosha. Kitunda ilikuwa na shamba la mkonge zamani, na katika sehemu nyingine bado utaiona mikonge iliyojiotea katikati ya vichaka, imerefusha mashina yake juu ya majani mengine yote. Baada ya hapo huja mikorosho. Kuanzia Oktoba mabibo mekundu na ya njano huanguka chini na harufu yake tamu yenye uchachu hujaza njia nzima, na familia huwa mashambani zikiokota korosho. Katika msimu huo njia hupita ndani ya kazi za watu. Piga hodi, omba kupita, na usiokote korosho hata moja, kwa maana ile ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Bibo ukipewa, pokea na ule palepale, maana utomvu wake ukigusa nguo hautoki.

Njia hii haina alama. Vijia hugawanyika mara nyingi, vingine vikiishia shambani, na mgeni wa peke yake atapoteza muda, ingawa hawezi kupotea kwa maana kamili kwa sababu mteremko daima humrudisha majini. Ninashauri kumchukua kijana wa Kitunda kama mwongozaji, kukubaliana naye malipo kabla ya kuanza kupanda, na kumlipa vizuri. Mbali na kuonyesha njia, yeye ndiye atakayekuambia majina ya miti, mahali ambapo kima hukaa, na shamba lipi ni la nani. Mandhari ya juu inapita ile ya Mtanda kwa sababu hapa unautazama mji kutoka upande wa pili wa maji: paa za bati na za vigae zilizofifia, minara ya misikiti, majahazi yaliyotia nanga, na nyuma ya yote hayo ardhi inayopanda kuelekea Rondo. Ukigeuka unaiona bahari wazi. Wakati wa kusi upepo wa juu hupoza jasho mara moja; wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, joto na unyevu huwa vikali, na matope ya mvua hufanya mteremko kuwa wa utelezi. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo ninayoipendekeza.

Njia ya nne hufuata mto kwenda juu, upande wa mji, kuelekea Mkwaya na Mingoyo. Kwa historia ni tajiri sana. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli ya Kijerumani iliyoitwa Präsident ilijificha ndani ya mto huu, na mwezi Oktoba mwaka huo manowari ya Kiingereza Chatham iliigundua. Nyaraka zilizopatikana ndani yake ziliwasaidia Waingereza kujua kwamba manowari Königsberg, waliyokuwa wakiisaka, ilikuwa imejificha katika Mto Rufiji. Miaka mitatu baadaye majeshi ya Waingereza yaliyotoka Lindi yalipanda bonde hili hadi Mahiwa, ambako kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 yalipigana vita vikali dhidi ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani, Waafrika wakiwa wengi wa waliokufa pande zote mbili. Na Mkwaya ndiko ilikoanzia reli ya kwenda Nachingwea, iliyofunguliwa mwaka 1949 kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza. Mpango ulishindwa, reli ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake kung'olewa.

Kama matembezi, hata hivyo, siwezi kuipa alama za juu. Sehemu kubwa ya njia iko karibu na barabara kuu, ambako magari hupita kwa kasi na mwenye miguu hana nafasi yake. Na ukiiacha barabara unaingia kwenye mikoko, kwenye mashamba ya chumvi au kwenye matope yanayozama hadi magotini. Mto una mamba na viboko katika sehemu zake za juu, na wenyeji wanaokuonya hawakutishi bure. Afadhali kuiona sehemu hii kwa mtumbwi, pamoja na mvuvi anayeijua mikondo, wakati maji yakijaa, ili msukumo wa bahari uwapandishe na kupwa kuwarudishe. Hapo ndipo mikoko huonekana inavyostahili kuonekana, mizizi yake ikiwa imesimama juu ya maji, kaa wakipanda na kushuka, na ndege wavuvi wakiwa kimya juu ya matawi. Mkubaliane juu ya bei, muda na koti la kuokolea maisha kabla ya kuondoka. Kama koti halipo, msiondoke.

Chakula si tatizo. Mjini kuna wali wa nazi, samaki wa kukaanga na pweza wa mchuzi kwa bei nafuu. Lakini kitu ambacho mtembezi asikikose, akikikuta, ni ming'oko, mizizi ya porini ambayo huchimbwa, huchemshwa na kuuzwa barabarani katika mafungu madogo, na huliwa kwa kumenywa kwa mkono pamoja na chumvi na pilipili. Hushibisha bila kuelemea tumbo, haiharibiki ndani ya mkoba, na watu wa kusini wameitumia katika safari ndefu tangu zamani. Maji ya kunywa nunua mjini kabla ya kuvuka, kwa kuwa huko vilimani hakuna duka, wala choo, wala kivuli cha uhakika katika sehemu ya mkonge.

Mwenye siku moja tu apande Mtanda asubuhi, ashuke kupitia mji wa zamani, ale mapema, avuke Kitunda na kupanda vilima jua likiwa limeanza kulegea, kisha awe amerudi kivukoni mapema, kabla giza halijaingia. Aulize saa ya kivuko cha mwisho wakati wa kwenda, si wakati wa kurudi. Mwenye siku mbili aongeze mtumbwi wa mtoni siku ya pili, kwa saa itakayoamuliwa na maji. Njia ya pwani ya Kitunda ninaipa nafasi ya pili baada ya vilima vyake, mji wa zamani nafasi ya tatu, na bonde la juu kwa miguu nafasi ya mwisho.

Vibao vitatu tu vingebadilisha tathmini hii kwa kiasi kikubwa: kimoja Kitunda, mwanzo wa njia ya vilimani, kikionyesha vijia vinavyoruhusiwa na saa za kivuko, kimoja kwenye magofu ya boma, kikitaja mwaka 1890 na jina la Machemba, na kimoja ufukweni, kikieleza kuhusu wapagazi wa Tendaguru na Boheti bin Amrani, kwa Kiswahili kwanza.